Choo Kilichoelekea Kibla

Kambi ya chumvi ilikuwa mbali kaskazini, kupita Mkange. Kampuni ilitaka iwe mji. Ikapima njia, ikajenga nyumba kwa mistari, na nyuma ya kila nyumba choo kipya cha bati.

Kila alfajiri, kabla ya kwenda kuvuna chumvi, Mwinshehe alichukua kopo la maji, akakipita choo chake, akaenda kichakani. Majirani nao vivyo hivyo. Chooni mkewe, Sikuzani, aliweka kuni. Jirani alifugia kuku.

Mvua zikanyesha. Mtoto wao, Mosi, akaanza kuhara. Macho yakaingia ndani, hata kulia hawezi. Sikuzani akamwita Bwana Mtoro, bwana afya wa kambi.

"Mpe maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, usiache," alisema Bwana Mtoro. Kisha akafungua choo. "Kuni tena! Mwinshehe, kichaka kiko juu, kisima kiko chini. Mvua inateremsha mavi yenu mpaka kisimani, mtoto anakunywa. Nimesema mpaka koo limekauka. Kwa nini hamtumii choo?"

Mwinshehe akaanza kupanga kuni upya.

"Si umwambie," alisema Sikuzani. "Haya, nasema mimi. Choo kimeelekea kibla. Ukichuchumaa, uso kibla. Aliyepanga mji alivuta kamba zake, hakuuliza mtu. Nani atafanya haja hivyo?"

Bwana Mtoro akatoa kuni, akachuchumaa na suruali yake, akatazama jua lilipo. Akatoka amekunja uso.

"Muda wote huu mmenyamaza?"

"Nimwambie mkubwa wa kampuni mambo ya chooni?" alisema Mwinshehe. "Aibu, bwana."

"Kusema ni aibu," alisema Sikuzani, "kumnywesha mwanao mavi si aibu?"

"Lete nyundo," alisema Bwana Mtoro.

Wakang'oa mbao za kukanyagia, wakazigeuza ubavu.

"Sasa unatazama baharini. Una neno na bahari?"

"Sina."

"Basi tundu lifunike, nzi wasiingie. Ukitoka, nawa kwa sabuni. Maji ya kunywa chemsha."

Majirani wakaona, wakageuza mbao zao. Kuku wakahamishwa kwa makelele. Taratibu Mosi akapata nafuu, na kuhara kukapungua kambini.

Kiangazi, mpimaji wa kampuni akaja kupanga mtaa mwingine. Alipoinama kupigilia kigingi cha choo, Sikuzani akasimama mbele yake, Mosi kiunoni anatafuna muhogo.

"Subiri kwanza, bwana," alisema. "Kibla iko huku. Haya, sasa pima."