Dirisha la Sita

Haya yalimpata Ingrid, mwenzangu wa chuo, ambaye hata kwenye mdahalo hajui kudanganya. Mwaka 1996, wakati wa vita vya Warundi, alienda shule moja ya zamani ya serikali, Rohero, kuulizia kaka yake Maxime, mwanafunzi aliyetoweka humo miezi mitatu nyuma.

Katibu wa shule alimpokea katika kanisa dogo lililogeuzwa stoo ya madaftari. Umeme ulikuwa umekatika. Mwanga uliingia kwa madirisha matano tu, ya vioo vya rangi.

"Kaka yako alikimbia, dada. We usitafute maneno."

"Alikimbia peku? Viatu vyake mulituletea nyinyi wenyewe."

Katibu akaondoka amenuna. Ingrid akazunguka jengo kwa nje, akahesabu madirisha sita. Nani hujenga ukuta mbele ya dirisha zuri namna ile?

Akarudi ndani, akapapasa gizani hadi kwenye saruji mpya, akaita kama mwalimu anayesoma orodha: jina la Kirundi kwanza, kisha Maxime.

Shuleni pale mwanafunzi akiitwa haitikii kwa mdomo. Hugonga dawati mara moja.

Nyuma ya ukuta, mbao iligongwa mara moja. Kisha ikagongwa nyingine, pembeni yake, na nyingine, moja moja kwa zamu, hadi thelathini na mbili.