Siku Tatu za Mwanapili Kunyamaza

Mzigo wa miyaa, majani ya kusukia mikeka, ulikuwa umebaki mmoja tu, na mikono iliyoushika ilikuwa miwili: mmoja wa Mwanapili, wa pili wa kijana mrefu aliyevaa shati la kaki la wafanyakazi wa makumbusho. Soko la Ukunda lilijaa watu wa Jumamosi, kila mtu na kelele zake, lakini wawili hawa walitulia tuli wakiangaliana.

"Niachie, kaka. Msukaji ni mimi."

"Nami nimetumwa, dada yangu. Kuna wasanii wanakuja kufanya onyesho kwetu Diani, na mwanamke mmoja msumbufu ameandika kwamba hataki ila miyaa ya Waa."

"Msumbufu?"

"Barua ya kurasa tatu, wallahi!"

Mwanapili akaikaza leso yake ya manjano kiunoni. "Basi mbebee mpaka kwake. Huyo msumbufu unazungumza naye."

Mselem, ndilo jina la kijana, alicheka hadi muuza miyaa akacheka naye. Aliubeba mzigo, na tangu siku hiyo adhuhuri haikupita bila simu.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wali wa nazi na maneno yako matamu. Wali ndio ulionishibisha."

Miezi miwili walitaniana hivyo. Neno la posa tu ndilo ambalo Mselem hakulitoa. Alitaka kwanza aezeke nyumba yake kule Bodo. Mwanapili alimpenda kwa moyo wake wote, na subira hiyo ilimuuma, ila hakumwambia.

Siku ya onyesho ikafika. Katika ukumbi wa makumbusho ilitundikwa mikeka saba ya zamani, na chini ya kila mmoja kibao: Msukaji hajulikani. Jambo hilo lilimkera Mwanapili na wenzake wa kikundi cha wasanii. Mwaka mzima walipita nyumba kwa nyumba mpaka wakayapata majina ya wanawake wote saba. Sasa Mwanapili angekaa katikati ya ukumbi siku tatu, alale humo humo, asuke ukili wa mkeka bila neno wala ishara, watu waone mtu anavyofanywa asijulikane. Alasiri ya siku ya tatu angesimama na kuyataja majina.

"Cheki, Mwanapili," alisema Jemima, kiongozi wao, huku akimchukulia simu amtunzie. "Ukitoa hata neno moja kabla ya hapo, imeisha."

"Sitatoa. Maji nimeshayavulia nguo."

Siku ya pili aliingia ami yake, Mzee Mbarak, asiyejua sharti la kunyamaza, na watu wawili wenye kanzu. Babake Mwanapili alikuwa amefariki, na ami ndiye aliyekuwa walii wake wa kumwoza.

"Mwanangu, nimekutafuta nyumbani hukuwako. Nassir wa Msambweni amekuposa, na wazee wake wanataka jawabu leo. Kama humtaki, sema hapa hapa. Ukinyamaza, nimefahamu."

Nani wa pwani asiyejua kwamba mwari akiulizwa posa akanyamaza, amekubali? Mlangoni, kwenye zamu yake, Mselem alisimama akisikia yote.

Masikio ya Mwanapili yaliwaka moto. Neno moja lingetosha. Lakini neno hilo lingeiharibu kazi ya mwaka mzima ya wenzake, na wale wanawake saba wangebaki vile vile. Ami nitamjibu kesho, alijiambia, na Mselem anajua ninavyompenda. Akaendelea kusuka, ukili ukienda upande.

"Alhamdulillahi," akasema ami. "Amekubali."

Walipoondoka, Mselem alimjia karibu. "Kwa jambo kama lile, mtu angevunja hata onyesho. Hongera, Mwanapili."

Akachukua mkoba wake akaenda zake Bodo. Mwanapili alilia pale pale mbele ya wageni, bila kuinua uso.

Siku ya tatu ukumbi ulifurika. Ami alikaa mbele na sahani ya halua. Mwanapili alisimama, sauti imekwaruza, akayataja majina saba moja moja, kuanzia Mwanafatuma wa Bodo hadi Zainabu wa Waa. Wajukuu zao walipiga vigelegele. Kisha akamgeukia ami.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, bi harusi."

"Nassir simtaki."

"Ulinyamaza! Nina mashahidi!"

"Nilimnyamazia kila mtu, ami. Hata mzungu aliyeniuliza choo kiko wapi nilimnyamazia. Naye nimemkubali?"

Watu wakaangua kicheko. Ami alijaribu kukasirika, akashindwa. "Basi unamtaka nani?"

Mwanapili akanyoosha mkono, Jemima akampa simu. Akapiga, akaweka sauti ya kusikika na wote.

"Mselem."

"Mke wa mtu ananitakia nini?"

"Mimi si mke wa mtu. Nimemkataa mbele ya watu."

"Mbona jana hukusema? Neno moja tu, Mwanapili!"

"Jana neno lilikuwa la wale wanawake. Nilidhani utajua bila kuambiwa. Nilikosea, nimekuumiza, nisamehe. Lakini na wewe unangoja nini? Mwenzio ameposa."

"Mpe ami simu."

Ami akaipokea.

"Shikamoo, ami. Mimi Mselem wa Bodo. Nyumba haijaezekwa. Namtaka hivyo hivyo."

"Marahaba. Lete wazee wako Jumapili." Ami akamwangalia Mwanapili, safari hii kwa upole. "Mwanangu, huyu je? Na unijibu kwa mdomo, kimya chako nishakikoma."

"Namtaka, ami," akasema Mwanapili kwa sauti kubwa, na kwa kuwa simu haikuwa imekatwa, Bodo nako walisikia.