Mama Kidoti na Kitufe cha Ruhusu

Mama Kidoti ni fundi cherehani. Cherehani yake iko karibu na dirisha la chumba cha mbele, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Mchana anashona sketi za watu. Jioni anachukua sindano ndogo na kudarizi foronya. Hiyo ya jioni si kazi. Ni ya kujifurahisha tu.

Kidoti ni binti yake wa pekee. Yuko darasa la pili. Anaitwa hivyo kwa sababu ana doa dogo jeusi kwenye shavu la kushoto.

Kuna jambo moja lazima ulijue kuhusu Mama Kidoti. Hajui kukataa. Mtu hajamaliza kusema hodi, yeye ameshasema karibu. Mumewe ni fundi wa mafriji, na utani haumwishi.

"Mlango wa nini nyumba hii?" humwambia. "Tungeweka pazia tu, tukaokoa mbao."

"Sasa mtu amepiga hodi, nimwambie arudi?" mkewe hujibu.

Jirani yao wa mtaa wa pili ni wifi yake, dada wa mumewe. Huyo ni mpekuzi wa mtandao. Kila akija ana jipya. Mara programu inayotaja jina la ua ukilipiga picha. Mara tovuti ya kufundisha kukunja karatasi ikawa ndege. Siku moja alileta programu ya kupima urefu kwa kamera ya simu. Baba Kidoti akapima kila kitu, hadi pua ya mke wake.

Jumamosi moja wifi alipanda ngazi mbio.

"Hodi! Wifi, nimekupatia kitu!"

"Karibu, karibu. Kitu gani?"

"Programu ya kudarizi. Unaiwekea picha, yenyewe inaigeuza kuwa vyumba vidogo vya rangi. Kila chumba mshono mmoja. Wewe unafuata tu."

"Picha yoyote? Hata ya Kidoti?"

"Hata ya Kidoti. Na ni bure."

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye kundi letu la kudarizi. Kuna mtu ametuma kiungo."

Mama Kidoti akabonyeza kile kiungo. Simu ikaandika: *Faili hili linaweza kudhuru simu yako.*

"Ah, simu nazo kwa uoga," wifi alisema. "Endelea."

Mama Kidoti akaendelea. Simu ikauliza: *Ruhusu programu hii ione picha zako?* Akabonyeza Ruhusu. *Ruhusu ione majina ya watu wako?*

"Karibu," alisema, akabonyeza.

*Ruhusu itume ujumbe kwa jina lako?*

"Karibu ndani."

Wifi alicheka hadi akashika ukuta. "Unaikaribisha simu?"

"Inaomba kwa adabu, wifi. Nikikataa itanionaje?"

Wakachagua picha ya Kidoti siku ya kwanza ya shule. Amesimama mbele ya mlango wao. Sare ni mpya na nembo ya shule iko kifuani. Namba ya mlango inaonekana juu ya kichwa chake. Programu ikazunguka kidogo, kisha uso wa mtoto ukatokea, vyumba vyekundu, vya kahawia, vya bluu. Na kwenye shavu la kushoto, chumba kimoja cheusi.

"Kumbe kidoti chako ni mshono mmoja tu!" Mama Kidoti alimwambia bintiye.

"Usiusahau, mama."

"Nitauweka wa mwisho."

Jumapili nzima alidarizi kwa furaha. Jumatatu simu yake ilianza kupata joto ikiwa mezani tu. Chaji ikawa inaisha upesi. Kisha mjomba wake akapiga.

"Mama Kidoti, mbona umenitumia kiungo? Nifungue?"

"Kiungo gani, mjomba? Sijakutumia kitu."

Kabla hajakaa vizuri, ujumbe ukaingia. Namba hakuijua.

*Mtoto wako mzuri. Sare yake tunaijua. Mlango wako tunaujua. Sasa hivi utapokea namba ya siri. Ututumie. Ukimwambia mtu yeyote, picha hizi zitasambaa kila mahali.*

Chini yake kulikuwa na picha. Kidoti anapiga mswaki. Kidoti amelala, mdomo wazi. Hizi Mama Kidoti hakuwa ameziweka kwenye programu. Alizipiga mwenyewe na hakumwonyesha mtu ila mumewe.

Alifunga mlango kwa ufunguo. Alifunga dirisha, akachungulia chini kwa pembeni ya pazia. Mwanaume mmoja alikuwa amesimama nje ya duka la rangi, ndoo mkononi. Anamngoja nani? Alikuwa anangoja rangi yake, kama wateja wote wa duka lile. Lakini siku ile kwa Mama Kidoti kila aliyesimama alikuwa amesimama kwa ajili ya mtoto wake.

Simu ikalia. Namba ya siri imefika. Alianza kuinakili ili awatumie, wamwache. Alipofika katikati vidole viligoma. Akaizungushia simu kipande cha kitambaa, akaitia ndani ya kopo la vifungo na kufunika. Simu ikatetemeka humo ndani, na vifungo vyote vikalia.

Mumewe aliporudi, hakumwambia kitu. Si walisema asimwambie mtu yeyote?

Kesho yake asubuhi alisema, "Kidoti haendi shule. Ana homa."

Kidoti alikuwa anaruka juu ya kitanda.

"Hii homa ina nguvu," alisema Baba Kidoti.

"Mwache apumzike, baba Kidoti. Tafadhali."

Fundi wa mafriji alimtazama mkewe, akachukua mkoba wake wa vifaa, akatoka. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Madirisha yalifungwa na joto lilikuwa kali. Cherehani haikusikika. Kwenye kopo vifungo vililia, vikanyamaza, vikalia tena. Usiku aliitoa simu akaichaji, kwa kuogopa kwamba ikizimika wale watu watakasirika.

"Mama," Kidoti aliuliza, "nina homa mpaka lini?"

Mama yake alimvuta kwake. Akamkumbatia kwa nguvu hadi mtoto akalalamika kwamba anaumizwa.

Mchana ule wifi alikuja.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi, wifi!"

Kutoka ndani ikaja sauti ndogo. "Nani?"

Wifi aliogopa. Miaka yote aliyokuja nyumba ile hakuwahi kuulizwa nani.

Mlango ulipofunguliwa aliona uso wa wifi yake, akaona madirisha yaliyofungwa, akamwona mtoto asiye na homa amevaa sweta. Alikaa chini na kungoja. Ndipo Mama Kidoti alipofungua lile kopo na kumpa simu asome. Wifi alisoma, mkono ukaenda mdomoni.

"Ni ile programu," alisema. "Mimi ndiye niliyeileta. Mimi, shangazi yake." Akalia kwa uchungu. Kisha akajifuta, akampigia kaka yake.

Baba Kidoti alifika na bisibisi bado mkononi. Alisoma ujumbe mara mbili. Hasira ilimpanda, ikashuka, ikabaki huzuni.

"Mzigo huu wote ulikuwa unaubeba peke yako?" alimuuliza mkewe.

"Walisema nisimwambie mtu."

"Na mimi ni mtu?"

Wakamchukua mtoto, wakaenda wote maktaba. Mkutubi wa pale hufundisha watu mambo ya simu na kompyuta. Ana sauti kubwa, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyeandika *Kimya tafadhali* kwenye kila ukuta. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Swali la kwanza, dada. Namba ya siri umetuma?"

"Bado. Niliandika nusu, nikaogopa."

"Afadhali! Namba ile ni ufunguo wa akaunti yako ya ujumbe. Ungeituma, wangeingia wao, wewe ungebaki nje. Wangeongea na ndugu zako wote kwa jina lako. Namba hiyo hapewi mtu, hata akilia machozi. Na kwa kuwa ile programu inatuma ujumbe kwa jina lako, tusicheleweshe. Kwanza tukate mtandao. Zima data. Halafu zima na hiyo pembeni."

Mama Kidoti alisoma polepole kwenye kioo cha simu. "Zima... wi-fi." Akamgeukia wifi yake.

"Nizimwe mimi?" wifi aliuliza.

Mkutubi akaangua kicheko, na watu waliokuwa wanasoma wakageuka. Mama Kidoti naye akacheka, machozi yakimtoka. Tangu Jumatatu hakuwa amecheka.

"Wewe tutakuhitaji," alisema mkutubi. "Shemeji, chukua simu yako, upige picha ya ule ujumbe na ile namba. Msifute kitu kabla ya kupiga picha. Huo ni ushahidi, polisi watautaka."

Kisha akafungua mipangilio ya simu, akawaonyesha ruhusa zote ambazo programu ilipewa.

"Tazama, dada. Programu ya kudarizi inahitaji nini? Picha moja. Sasa majina ya watu wako ya nini? Kutuma ujumbe kwa jina lako kwa nini? Jirani akija kuazima sindano, akikuomba na funguo za kabati, utampa?"

"Nitamshangaa."

"Basi ishangae na hii. Simu ikiandika Ruhusu, hiyo si hodi ya mgeni. Ni swali. Na swali lina majibu mawili."

Baba Kidoti aliuliza alichokuwa anakiogopa. "Picha walizochukua tutazirudisha?"

"Hapana," mkutubi alisema, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo. "Sitawadanganya. Zilizotoka zimetoka."

Wote wakamgeukia mtoto. Kidoti alikuwa kona ya watoto, anatazama kitabu cha wanyama.

"Lakini sikilizeni," mkutubi aliendelea. "Watu hawa wanategemea uoga wako na siri yako. Mara nyingi wako mbali. Sare wameijua kwa sababu nembo iko kwenye picha. Mlango wameujua kwa sababu namba iko kwenye picha. Hata hivyo, kwa mtoto hatubahatishi. Nendeni polisi leo. Mwambieni mwalimu mkuu leo. Na wekeni neno la nyumbani. Yeyote atakayemfuata mtoto shuleni alitaje. Asiyelijua, mtoto hatoki naye."

Mchana huohuo wakafanya hayo. Polisi walichukua maelezo na zile picha za ujumbe, wakamwambia Mama Kidoti asiwajibu wale watu hata neno moja. Mwalimu mkuu alimwita mlinzi wa geti na kumweleza. Baba Kidoti alitumia simu yake kubadilisha maneno ya siri ya akaunti za mkewe. Mkutubi alihifadhi picha za familia, akaifuta ile programu, kisha akairudisha simu kama ilivyotoka dukani. Wifi alipewa kazi ya kupiga simu kwa ndugu na wateja wote, mmoja mmoja. "Usifungue kiungo chochote kutoka kwa wifi yangu. Si yeye."

Mjomba alisema, "Sikufungua. Nilikuwa bado nangoja anijibu."

Jioni wakakaa na Kidoti na shangazi yake kuchagua neno. Alilichagua yeye mwenyewe, na walicheka sana.

Alhamisi Kidoti alirudi shule. Nisikudanganye, msomaji. Hofu haikuisha siku ile. Mama Kidoti aliendelea kuchungulia dirishani. Simu ikilia, aliitazama kwanza kabla ya kuishika. Lakini alifungua dirisha, na cherehani ikaanza kusikika tena.

Baadaye alirudi maktaba na foronya yake, akiwa ameshafumua mishono ya ile picha ya zamani. Mkutubi alimfundisha kutafuta programu kwenye duka rasmi la simu, kuangalia nani ameitengeneza, na kusoma malalamiko ya waliokwisha kuitumia. Wakapata moja ya kudarizi. Simu ikauliza: *Ruhusu picha zote, au picha hii tu?*

"Hii tu," Mama Kidoti alisema. Picha ilikuwa mpya. Kidoti amevaa gauni la nyumbani, nyuma yake ukuta mtupu.

*Ruhusu ione majina ya watu wako?*

Kidole kikasimama hewani. "Nikatae tu? Haitakasirika?"

"Ikikasirika, ifute."

Akabonyeza Usiruhusu. Programu ikatengeneza ramani ya mishono kama kawaida. Siku zilizofuata Mama Kidoti akadarizi uso wa bintiye mpaka ukabaki mshono mmoja.

Alikuwa anatia uzi mweusi kwenye sindano simu ilipolia. Aliyepiga ni wifi, aliyekuwa amekwenda kumchukua Kidoti shuleni.

"Wifi, njoo upesi getini. Mtoto..."

Hakungoja mwisho wa sentensi. Alishuka ngazi, akapita duka la rangi, akakimbia na tondoo, ile kofia ya kukinga kidole na sindano, bado iko kidoleni. Njia nzima aliona zile picha tu.

Kidoti alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya mlinzi, begi mapajani, miguu inaning'inia. Mbele yake alisimama shangazi yake, jasho likimtoka.

"Amenikatalia," wifi alisema. "Mbele ya walimu wote! Nimesahau lile neno, basi nimekuwa mwizi."

"Shangazi, nakupenda," alisema Kidoti. "Lakini hujui neno."

Mama Kidoti alishika nguzo ya geti. Alicheka, akalia, hakujua anafanya lipi. Mtoto wa nyumba isiyojua kukataa alikuwa amekataa.

"Haya, twende nyumbani, mwanangu," alisema, akanyoosha mkono.

Kidoti hakuupokea. "Na wewe, mama. Neno?"

Mlinzi akageuka pembeni kuficha kicheko. Mama Kidoti akapiga magoti kwenye vumbi, akaweka mdomo kwenye sikio la bintiye, akalisema. Mtoto akatabasamu, akaruka kutoka kwenye benchi.

Jioni ile ule mshono mweusi uliwekwa mahali pake. Ukifika kwao utaiona foronya, na utakaribishwa vizuri ukishajibu wewe ni nani. Lile neno usiniulize. Mimi nalijua, lakini si langu kulitoa.