Damu ya Mzee wa Winchi

"Kioo kimetoka nyumbani. Kirudishe kabla ya mpaka wa Kasumbalesa."

Sauti ya mkuu wa Usalama ikakatika; 'kioo' lilikuwa jina la siri la chupa iliyoibwa. Mutale Nkandu akaiweka redio ya Motorola kwenye kiti cha Land Cruiser, kisha akamtazama mwanamke aliyeshika mlango wa gari kwa mikono miwili.

"Shuka, docteur."

"Nakatala. Ile chupa ikipasuka, weye utajua kuifanya nini?"

Nkandu hakupenda kubishana. Mapadri wa bweni walimlea kwa kengele na kimya, naye hakuona sababu ya kujilea upya. Akakanyaga mafuta.

Dokta Rabia Asani, binti wa ukoo wa Maniema uliohamia Lubumbashi zamani, alisimulia huku meno yakigongana kwa mashimo ya barabara. Kwa miaka mingi alikuwa ametunza damu ya wafanyakazi wa mgodi wenye kisukari ndani ya chupa ya chuma iliyojaa nitrojeni baridi. Katika damu hiyo alikuwa amegundua alama: kitu kidogo kinachopanda kabla mishipa ya nyuma ya jicho haijaanza kuvuja. Mgonjwa bado anaona vizuri, lakini damu imekwisha kumshitaki.

"Sukari ya kawaida banaificha," alisema. "Mutu anaacha chai siku moja, anakuja kupimwa, iko safi. Hii alama haifichike."

Ila alama ilihitaji kulinganishwa. Damu ya leo bila damu ya zamani haikusema lolote. Asubuhi hiyo chupa ilikuwa imeibwa. Mzungu mmoja wa mtaa wa Golf, Laurent Wauters, alikuwa na mnunuzi ng'ambo ambaye angeiandikisha kazi yote kwa jina lake.

"Mwizi aliingiaje?"

"Kama mugonjwa. Alikubali hata sindano ya rangi, ile tunapigaka mbele ya kupiga picha ya jicho."

"Rangi gani?"

"Manjano. Inapanda mu ngozi na mu macho. Haitoke mupaka kesho."

Nkandu akainyakua Motorola.

"Vizuizi vyote vya barabara ya mpaka. Tafuteni mtu wa manjano."

Gendarme mmoja, askari wa kizuizi, akajibu kwa woga.

"Chef, muko mumoja hapa. Dereva wa Peugeot ya muzungu. Anasema iko na homa ya manjano. Batu bote banaogopa kumugusa."

"Mmemwachia?"

"Tulikuwa tunataka kumwachia, chef."

"Mkimwachia, kesho mtachunga mbuzi."

*

Peugeot 504 ilisimama kando ya kizuizi, gendarme wamejitenga nayo kama iliyokuwa na ukoma. Usukanini alikaa Kalaba, mvushaji wa kobalti aliyejulikana toka Katuba hadi Zambia. Uso wake uling'aa kama ndizi mbivu. Nyuma aliketi Wauters katika suti ya kitani, miguu yake ikibana kitu kirefu kilichofungwa ndani ya gunia la makaa.

Nkandu alishuka na bastola ya Browning mkononi, bila haraka.

"Habari ya homa, Kalaba?"

"Inanitesa, citoyen. Usisogee, utaambukizwa."

"Nilichanjwa bwenini. Toka."

Wauters alitabasamu. Alizaliwa Katanga, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyezoea kuamuru jikoni. "Rafiki, ile ni chupa ya maziwa baridi tu. Weye unataka nini? Sema, tumalize."

Rabia alikuwa amekwisha kulivua gunia. Akapiga kelele.

Mdomo wa chupa ulikuwa umelehemiwa kwa bati, pande zote.

"Nani alifanya hivi?"

"Mi mwenyewe," Kalaba alijibu kwa fahari ya fundi. "Kalikuwa kanatoa moshi, patron. Basoda ba kizuizi bangeona. Mikebe yangu yote ya kobalti nayilehemukaka vile, na hakuna siku ilimwagika."

Tabasamu la Wauters likafa.

"Umefunga? Mpumbavu! Ile baridi inageuka gesi, inapaswa kupumua, la sivyo italipuka!"

Hakungoja jibu. Aliruka nje, akakimbia kuelekea majanini, na suti yake ikaishia chini ya buti la gendarme.

Chupa ilianza kulia. Sauti nyembamba, kama ya bati likikunjwa.

"Rudini nyuma wote!" Nkandu alinguruma. Akaitoa chupa garini, akaisimamisha wima, akapiga goti kando. "Docteur, nitoboe wapi?"

"Pembeni ya kifuniko, pale kwenye bati. Usiweke uso mbele!"

Akatwaa bisibisi na nyundo kutoka Land Cruiser.

Pigo la kwanza. Bati likabonyea.

La pili.

Ukungu mweupe ulifyatuka ukipiga mluzi, ukamla ngozi ya vidole. Hakuachia. Mluzi ulipotulia, alikiinua kifuniko kwa bisibisi, na Rabia akachungulia ndani.

"Iko baridi bado," alinong'ona. "Iko mzima."

Kalaba, pingu mikononi, akacheka kwa chuki. "Mwamama, usifurahi sana. Nani alinifungulia mulango wa kile chumba? Uliza yule muzee wa winchi ya mugodi, anashushaka batu chini. Papa Asani. Alisema hii damu itamufukuzisha kazi."

Rabia akakirudisha kifuniko polepole. Asani alikuwa baba yake, naye alijua binti yake huweka wapi ufunguo.

*

Katika maabara ya mjini, Nkandu alisimama mlangoni, vidole vimefungwa bandeji, hadi Rabia alipoinuka kwenye mashine yake.

"Alama imepanda mu damu ya mwisho ya Papa," alisema. "Jicho la kushoto lilikufa zamani. Hili la kuume linaanza. Na zamu yake inaanza sasa hivi."

Akapiga simu mgodini.

"Papa, leo usishushe batu."

"Nani anasema?"

"Damu yako."

"Naona vizuri! Unaniua, Rabia. Weye mutoto wangu mwenyewe, unaniuzisha?"

"Jicho linaponeka, Papa. Kuja tu kesho. Nakuomba."

"Na kazi? Utanipa weye?"

Nkandu akamwondolea Rabia simu mkononi.

"Papa Asani, ni Usalama. Kwenye kamba yako wananing'inia wanaume wenye watoto. Achia winchi."

Mbali na simu, sauti ya mzee ikapasuka kwa hasira: "Kunda! Kuja ushike hii mashine!"

"Vyema," alisema Nkandu. "Docteur atakutibu kwanza. Ukishaona vizuri, nitakuja kukukamata."

Akaweka simu chini.

"Hauna roho, citoyen," Rabia alisema, machozi yakimshuka.

"Labda. Ila yeye atakuwa na jicho."

Aliinamisha kichwa kwa heshima, akatoka kwenye jua la barabara, na hakugeuka nyuma.