Kastabini Juu ya Kifaru

Foleni ya kulipia ilikuwa haisogei, na mwanamume aliyesimama mbele ya mfamasia alikuwa amekumbatia vifaru vya vita kumi na kimoja vya plastiki, vile vya watoto kuchezea, vya bei ya chee.

"Kaka, una watoto wangapi?"

"Sina hata wa kusingiziwa, dada. Hivi ni vyangu."

"Vyote?"

"Tunapigana vita vya miaka elfu ijayo, kwenye sayari huko. Juu ya meza, kwa dadu."

Mfamasia hakuwa amecheka tangu amzike mama yake miezi minne nyuma. Kulia pia hakuwa amelia. Alijua hapo ndipo mtu hucheka, basi akatabasamu kwa adabu. Yule bwana, fundi friji mwenye ovaroli ya buluu na rangi kwenye kucha, akalichukua tabasamu lile zimazima. Mapenzi hayana macho, jamani.

Simu zikaanza.

"Malkia, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sikumbuki."

Kila Ijumaa mfamasia alimpelekea boksi la viatu lililojaa takataka safi za duka la dawa: vifuniko, vikopo, sirinji zilizovunjika kabla ya kutumika. Fundi alikata mzinga wa kitoto, akabandika bomba la sirinji, akapuliza rangi nyeusi, na kidude cha plastiki kikatoka na sura ya kutisha. Mfamasia alipenda kukaa pale akitazama, maana hakuhitaji kufikiri.

Ijumaa moja alipitia kwa fundi akitoka kusafisha chumba cha marehemu mama yake, aliyekuwa fundi cherehani. Mkononi alikuwa na boksi la viatu. Akaliweka mezani, mahali pale pale pa siku zote, wakampigia simu kutoka kazini, akaondoka mbio bila boksi.

Kesho yake ikaingia picha. *Malkia, ona kichwa cha kifaru!* Ilikuwa kastabini ya mama yake, ile ya kuvaa kidoleni wakati wa kushona, imetobolewa tundu na mzinga umepita katikati.

Akapiga simu. "Umetoboa kastabini ya mama."

"Mpenzi, ilikuwa kwenye boksi la Ijumaa..."

"Hukuuliza."

"Sijawahi kuuliza hata siku moja. Wewe ndiye..."

Akakata. Hata hasira hakuisikia, na hilo ndilo lililomtisha. Wiki mbili hakupokea simu. Siku ya kumi na tano akaenda, maana mtu aliyemkosea kwa kumpenda hakumwona kuwa adui.

"Naweza kuibandua," fundi alisema, amekonda. "Lakini gundi itaacha makovu, na tundu siwezi kuliziba. Nisamehe, mama'ngu."

"Iache."

"Umenisamehe?"

"Sijui. Sihisi kitu. Si wewe tu, ni kila kitu."

Fundi akakisogeza kifaru mbele yake. Kisha akasema, "Basi Jumamosi njoo mchezoni ukiongoze mwenyewe. Ni chako."

Akaenda, amevaa gauni la zambarau aliloshonewa na mama. Wanaume sita walizunguka meza yenye milima ya sponji. Mpinzani wake alikuwa mwalimu wa hesabu mwenye kitambi.

"Shemeji, kifaru kipya hakimalizi mchezo wake wa kwanza. Ndiyo desturi yetu, usichukie."

"Tupa dadu, mwalimu."

Zamu ya tatu mwalimu akatupa. Sita. Sita tena.

"Pole, shemeji. Kimekufa. Kitoe mezani."

Mfamasia akanyoosha mkono, akakishika kwenye kastabini, na mkono ukakataa kuinuka. Kilio kilichomtoka kiliwafanya wanaume watu wazima watazame viatu vyao. Alilia miezi yote kwa mpigo, kamasi na yote, bila haya.

"Jamani, ni mchezo," mwalimu alibabaika. "Naweza kurudia kutupa."

Fundi alikuwa ameshazunguka meza, amepiga magoti kando yake.

"Asirudie," mfamasia alisema begani mwake. "Amekufa. Nishike tu."

Fundi akamshika.