Tluway Anyoosha Mkono

Tluway na mkewe Restituta ni wakulima wa milimani, wilaya ya Mbulu. Wanalima ngano na maharage, na wana ng'ombe wanne. Zamani Tluway alipenda sana kuongea. Majirani walimsikia kabla hawajamwona.

Siku moja alianguka zizini. Hospitalini waliambiwa ni kiharusi. Baada ya wiki tatu alirudi nyumbani akitembea kwa fimbo, lakini maneno hayakurudi. Alifungua mdomo, ikatoka sauti moja tu: "Ta, ta."

Watu wakaanza kumsemea. "Anakula?" walimuuliza Restituta, na Tluway amekaa hapo hapo. Kaka yake, Baltazar, alisema, "Akili imeondoka. Tumwombee tu." Tluway alisikia. Akageuza uso ukutani.

Jumanne moja Evaline, mhudumu wa afya wa kijiji, alipita kuwaona.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba," alijibu Restituta. Tluway aliinua kichwa. Siku nyingi hakuna aliyemwamkia.

Evaline akavuta kigoda, akaketi mbele yake. "Baba, umekunywa chai?" Akangoja. Tluway akaitikia kwa kichwa.

"Baba, mimi ni mwanaume?"

Tluway akakataa kwa kichwa, akacheka. Restituta akashika mdomo. Hakuwa amemsikia mumewe akicheka tangu augue.

"Mama, akili ipo," alisema Evaline. "Kiharusi kimeumiza sehemu ya ubongo inayotafuta maneno. Hospitalini kuna mtaalamu wa kuwasaidia watu kama baba waongee tena."

Wakapanda basi alfajiri, wakafika mchana. Mtaalamu huyo, Fabiola, alimwonyesha Tluway picha ya ng'ombe. "Hii ni nini?" "Ta, ta," alijibu Tluway.

"Nyumbani mnaongea lugha gani?" Fabiola aliuliza.

"Kiiraqw," alisema Restituta.

"Basi muulize wewe, kwa Kiiraqw."

Restituta akauliza. Tluway alihangaika, jasho likamtoka. Kisha akasema, "Slee." Ng'ombe! Restituta akalia kwa furaha.

"Muulize swali moja moja," Fabiola alimfundisha. "Mpe muda. Usimmalizie maneno. Akinywa uji, akae wima na ameze kidogo kidogo. Akipaliwa mara kwa mara, mlete haraka. Na mrudi kila baada ya wiki mbili."

Lakini mvua ilikata barabara. Wakakosa kliniki tatu.

"Si ninyi tu," Evaline alimwambia Restituta. "Nina watu sita wenye shida ya kuongea. Yuko mke wa Gidabuday kule bondeni. Yuko binti wa Getruda mwenye kigugumizi. Peleka hoja kwenye mkutano wa kijiji."

"Mimi? Pale wanaongea wakubwa."

"Mama, kila mkazi mwenye miaka kumi na minane na kuendelea ana haki ya kusema na kupiga kura pale."

Siku ya mkutano Restituta alisimama. "Mwenyekiti, naomba mtaalamu wa kuwasaidia wasioweza kuongea aje zahanati yetu siku moja kila mwezi. Sisi hatuwezi kumfuata. Yeye anaweza kutufuata."

"Zahanati haina hata maji," alisema Baltazar. "Tuanze na maji."

"Maji tunayadai kwa mdomo, shemeji," alijibu Restituta. "Hawa wagonjwa watadai kwa mdomo gani?"

Mwenyekiti akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Mtendaji wa kijiji akapita akihesabu. Tluway alinyoosha mkono wa kushoto, uliobaki na nguvu, lakini mtendaji akamruka.

Tluway akagonga fimbo chini. "Mimi!" akasema.

Mkutano wote ukageuka. Mtendaji akarudi nyuma. "Samahani mzee. Na wewe." Baltazar akamtazama mdogo wake, kisha naye akanyoosha mkono.

Hoja ikapita. Ikaandikwa kwenye muhtasari, ikapelekwa kwenye kata, kisha wilayani. Evaline alifuatilia mara mbili. Mwezi wa tatu baada ya mkutano, Fabiola akafika zahanati. Walikuja watu tisa. Gidabuday alimleta mkewe kwa pikipiki, na kwa kuwa Fabiola hajui Kidatooga, lugha yao, binti yao alikaa katikati akitafsiri.

Sasa Tluway ana maneno kama arobaini, ya Kiiraqw na ya Kiswahili. Yanatoka polepole, lakini yanatoka.

Juzi Baltazar alikuja na maksai aliyetaka kumnunua. Akaketi mbele ya mdogo wake. "Tluway, unamwonaje huyu?" Akangoja. Chai ikapoa, naye akaendelea kungoja.

"Hapana," alisema Tluway. "Mguu."

Baltazar akainama, akainua mguu wa nyuma wa maksai. Kwato ilikuwa imeoza.