Pumzi ya Tatu

Kitambaa kilivutwa ndani ya injini. Hapo ndipo Gathogo alipopaswa kufunga boneti na kumwita mwenye gari aje achukue chuma chake. Lakini mwanamume akishashika spana haambiliki, na huyu alikuwa Gathogo wa Gatongora, ambaye mkewe Tabby akimwambia jambo asubuhi, yeye hulisikia jioni.

Gari lilikuwa la Salehe, muuza ngozi wa Thika. Gari fupi, jekundu, la zamani, lenye injini ya rotari. Injini ya namna hiyo haina pistoni. Ndani yake mna mapande ya chuma yenye pembe tatu, yanazunguka kila moja katika chumba chake kama andazi ndani ya sufuria. Kwenye kila pembe kuna ubapa mwembamba unaokwaruza ukuta ili upepo usivuje. Masizi yakiugandisha ubapa ule, upepo unavuja, kompresheni, yaani nguvu ya kubana upepo, inashuka, na gari likishapata moto haliwaki tena mpaka lipoe. Ndivyo lilivyomfanyia Salehe. Alikuwa akienda Ngoliba, likamzimikia nje ya Thika, akalivuta kwa kamba mpaka Gatongora kwa sababu fundi mwingine wa rotari hakuwepo karibu.

Kulipima si kazi. Unang'oa plagi, unachomoa waya wa moto, unapiga stata, unasikiliza matundu. Pembe tatu, pumzi tatu: puh, puh, puh, sawasawa. Chumba cha mbele cha gari la Salehe kilisema puh, puh, kisha kimya.

"Upande mmoja umelala," Gathogo alimwambia. "Nitamwaga mafuta kwenye matundu, yalale humo yalainishe masizi. Yakikataa tutafungua injini, na hapo ndipo utalia."

Salehe hakuonekana kujali injini. Macho yake yalikuwa nyuma ya gari.

"Fundi, buti usiiguse. Kuna vitu vya nyumbani."

"Niiguse ya nini? Mimi mgonjwa wangu yuko mbele."

Basi Salehe akaenda zake kwa miguu mpaka stendi, mikono mitupu, akifuta kiganja kwenye kanzu kana kwamba kimeshika kitu kichafu.

Sasa mafundi wa huku kwetu Ruiru wana desturi yao. Mafuta hutafutwa kwanza katika buti ya mwenye gari, halafu ndipo dukani. Gari likishalala kwao, kilichomo ni cha kazi. Gathogo alifungua buti kabla Salehe hajafika barabarani. Mlikuwa na jembe jipya, na chupa ya skwoshi iliyozungushiwa kitambaa cheupe, imejaa mafuta mpaka shingoni, mdomo umezibwa kwa nta na kukazwa uzi mweusi.

Tabby alikuwa akipita na ndoo.

"Baba Waithira, hiyo imefungwa uzi."

"Hata suruali yangu imefungwa uzi."

"Ai! Hayo ni mambo ya watu. Rudisha pale ulipoyatoa."

"Mafuta hayana dini, Mama Waithira. Angalia yalivyo mepesi, hata dukani huyapati kama haya."

Akaikata nta kwa kisu. Yalinuka ubani, na chini ya ubani manyoya ya mbuzi aliyelowa mvua. Akayamimina yote kwenye matundu ya plagi, akazungusha injini kwa mkono ili yaenee, akaitupa chupa chini ya benchi. Usiku ule akalala vizuri, mpumbavu huyo.

Asubuhi kulikuwa na ukungu wa Julai, ule unaofanya kuku washinde wamejikunyata. Alipiga stata kwa waya palepale mbele ya injini, akashikilia kipande cha shati kuukuu mbele ya tundu. Puh, kikapepea. Puh, kikapepea. Na pumzi ya tatu, ile iliyokuwa kimya jana, ilikuja, lakini haikupuliza. Ilivuta. Kitambaa kilinata kwenye tundu kama mdomo wa mtoto kwenye titi, kikaanza kuingia, uzi kwa uzi, na Gathogo alipokikwanyua kilitoka kimelowa, na kilikuwa cha vuguvugu, ilhali injini ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Ni mafuta tu yamejaa," akasema, ingawa hapakuwa na mtu aliyemuuliza.

Akarudisha plagi, akawasha. Gari lilikubali mara moja, likatoa moshi mweupe, mzito, uliotambaa chini kwa chini badala ya kupanda juu. Ulipita benchi. Ulipita banda la kuku. Ukaenda moja kwa moja mpaka kwa Tabby aliyekuwa anaanika nguo, ukamfunika mpaka ikabaki mikono yake miwili kwenye kamba. Akakohoa mara tatu. Moshi ukaisha. Haukutawanyika, uliisha, kama maji yaliyonywewa.

"Umeniua na moshi wako," Tabby alisema, akijipapasa kifua.

"Pole. Vaa, nikupeleke Mugutha."

Maana siku hiyo Mugutha kulikuwa na ruracio, mahari ya dada mdogo wa Tabby, na fundi gani huenda kwa wakwe kwa miguu wakati gari la mteja limepona? Wao huita kulijaribu.

Gari lilikwenda. Gathogo alikuwa hajawahi kushika usukani wa kitu chenye nguvu namna ile, na kwa muda kidogo alifurahi kama kijana. Halafu akaona vioo. Vilikuwa vimefunikwa na mvuke kwa ndani, upande wa mkewe tu, na kila alipokanyaga mafuta mvuke uliongezeka, na midomo ya Tabby ikazidi kuwa ya kijivu, na mwanamke ambaye siku zote alikuwa anamkemea akiipita hata baiskeli sasa alikuwa ameegemea mbele, macho mbele, anapumua kwa kufuatana na injini, puh, puh, akivuta ya tatu ndefu mpaka mshipa wa shingo ukasimama.

"Ongeza, Gathogo," akasema.

Tangu Waithira, binti yao aliye shule ya bweni, azaliwe, Tabby hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Wala hakuwahi kupenda mbio.

Huko Mugutha alizima gari, akachomoa ufunguo, akashuka. Wakwe walikuwa wanamkaribisha kwa vicheko. Nyuma yake, chini ya boneti, kitu kilikuwa bado kinapumua, polepole, kama mtu anayejifanya amelala.

Siku zilizofuata Tabby alikonda kwa pumzi kwanza kabla ya kukonda kwa mwili. Kutoka jikoni mpaka bombani alipumzika njiani. Kwenye zahanati walimwambia ni baridi ya Julai, wakampa dawa ya kikohozi. Gathogo alijishughulisha na gari, maana hofu ya mwanamume wa namna ile haikai kitandani pa mgonjwa, huenda gereji. Akaamua kulipima mara ya mwisho kabla ya Salehe kulijia. Akang'oa plagi. Akapiga stata.

Puh. Puh. Na jikoni, ng'ambo ya ua, Tabby akakorota kama mtu anayezamishwa.

Aliachia waya. Kimya. Akasikia mkewe akirudisha pumzi, kidogo kidogo. Akajiambia ni bahati mbaya, ni kikohozi, ni jambo la kawaida, na mkono wake, ambao hakuutuma, ukarudi kwenye waya, na stata ikalia tena, puh, puh, na kule jikoni sufuria ikaanguka na sauti ya mkewe ikavutwa kutoka mbali kama kamba inayovutwa kisimani, ikaingia uani, ikapita mbele ya uso wake ikiwa baridi na ina harufu ya vitunguu alivyokuwa akikatakata, ikaingia tunduni. Yote. Na injini ikazunguka pumzi moja zaidi bila stata.

Alimkuta sakafuni, macho wazi.

"Usiguse tena," Tabby alinong'ona. "Baba Waithira, ukiligusa tena... mimi sipo."

Hapo ndipo lango lilipogongwa. Alikuwa Salehe, na mbele yake mama mfupi mwenye buibui lililopauka, anatembea kama mtu aliyekuja kudai haki. Alikuwa Bi Zubeida, shangazi ya Salehe, mganga wa mtaa wa Majengo. Hakusalimu. Alikwenda kwenye buti, akafungua, akaona jembe.

"Chupa iko wapi?"

Gathogo alitazama benchi.

"Shangazi, nilimwambia asiiguse," Salehe alisema.

"Ulimwambia nini? Ulimwambia kuna jini? Ulimwambia vitu vya nyumbani! Nilimtoa kwenye kifua cha Farhiya, mtoto wako mwenyewe, akiwa amembakiza mbavu, nikamfungia chupani. Nikakupa jembe, nikakuambia ukaizike Ngoliba, kwenye ardhi kavu, siku hiyohiyo. Wewe unaiacha gereji kama tairi!"

"Gari liliharibika. Na kuipakata ndani ya gari la abiria niliogopa..."

"Uliogopa. Sasa anaogopa nani?" Akamgeukia Gathogo. "Na wewe, fundi, umeyafanya nini mafuta yangu?"

Gathogo alimwonyesha matundu ya plagi. Bi Zubeida alitazama injini, akatazama mlango wa jikoni ambako Tabby alikuwa amejikokota na kuegemea mwimo. Alipoongea tena sauti ilikuwa chini.

"Huyu hana kwake. Hukaa kwenye pumzi za watu. Sasa nijibu vizuri, mwanangu, maana nikikosea hapa nimemuua mtu. Hiyo injini uliiwasha?"

Salehe alikuwa amesimama pale, anamkodolea macho. Gari lake. Matope ya Mugutha bado yalikuwa kwenye magurudumu, yamekauka. Gathogo alifikiri jina lake litakavyotajwa kwenye maduka ya ngozi Thika: fundi anayechukua gari la mteja kwenda kula mbuzi kwa wakwe.

"Sikuiwasha, mama. Nilipiga stata tu, plagi zikiwa nje."

Mlangoni Tabby aliinua mkono. Alifungua mdomo. Hapakuwa na pumzi ya kutosha neno moja, na mkono ukashuka.

"Basi bado yumo ndani mzima, hakuna kilichotoka na moshi," Bi Zubeida alisema. "Aliingia injini ikizunguka mbele. Atatoka ikirudi nyuma."

Hilo Gathogo aliliweza. Ua wake unateremka kuelekea mtaroni, na gari likiwa ndani ya gia, likiachwa lirudi kinyumenyume, injini nayo hugeuka kinyume. Salehe alishika breki. Gathogo alitia bomba la mpira kwenye tundu, ncha nyingine kwenye chupa ileile, akatembea kando ya gari likirudi inchi kwa inchi, huku Bi Zubeida akisoma maneno yake bila kupumzika. Mpira ulianza kuruka mkononi. Mafuta yalitoka meusi, yanatapikwa, yana joto la mwili. Na pumzi zilikuja kinyume, ile inayovuta ikapuliza, ikampuliza usoni harufu ya vitunguu, ya dawa ya kikohozi, ya ngozi ya mkewe asubuhi, kisha harufu za watoto asiowajua, maziwa na homa, mmoja baada ya mwingine, mpaka akalia bila kujua analia, na kitu ndani ya chuma kikakwaruza kuta kwa kucha, kikazunguka, kikazunguka, kikaanguka chupani kama jiwe.

Gari likagota mtaroni. Mlangoni Tabby alivuta hewa kwa kishindo, akasimama mwenyewe.

Bi Zubeida aliifunga chupa haraka, akaiinua kwenye mwanga. Mafuta yalifika mabegani tu. Shingo ilikuwa tupu.

"Yalijaa haya. Mengine?"

"Yalimwagika."

"Wapi?"

Gathogo alionyesha chini. Na ardhi ya gereji ni nyeusi kwa mafuta ya miaka yote, nani angembishia?

"Kama ni ardhini, sawa," Bi Zubeida alisema. "Ardhi haina mapafu."

Wakaondoka na chupa kwa pikapu ya kukodi kuelekea Ngoliba. Gari waliliacha mtaroni. Gathogo alilipima kabla ya giza: puh, puh, kimya. Lilikuwa limerudi kuwa bovu, naye hakuwahi kufurahia ubovu namna ile.

Jioni Tabby alikula sahani mbili za githeri. Alicheka. Alisinzia kwenye kigoda karibu na jiko la makaa, na Gathogo akakaa akimtazama, akiahidi kimoyomoyo mambo mengi. Alikuwa anapumua vizuri. Sawasawa. Alisogea kumfunika shuka, akainama, sikio likafika karibu na mdomo wake kwa mazoea tu, jinsi linavyozoea kufika kwenye tundu la plagi.

Puh. Puh.

Ya tatu ilivuta. Makaa yakawaka mekundu bila upepo, ndimi ndogo za moto zikalala zote upande mmoja, kuelekea kwa Tabby. Harufu ya manyoya yaliyolowa ikajaa jikoni.

Tabby alifungua macho, akatabasamu.

"Gathogo," aliuliza kwa upole, yeye mwenyewe aliyemsindikiza mtoto mpaka langoni mwa bweni na kuambiwa tarehe, "Waithira anafunga shule lini?"